Meno Aliyooteshwa Mama

Hässelby, Stockholm
4 Februari 2007

Mpenzi Shomari,

Hujambo huko Beijing? Mimi sijambo, ila baridi imenishika masikio, kwa hiyo ukijibu andika kwa sauti. Najua utasema dunia nzima inatuma imeli, Ziada peke yake bado analamba stempu. Sawa, mimi wa zamani. Kadi ya simu hukata mtu akiwa katikati ya neno tamu, na kompyuta ya hapo karakanani kwenu anaifungua kila mtu. Barua anaifungua mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii, kati ya makaratasi mawili magumu, mna picha ya mama. Kaa kitako kabla hujaitoa.

Agosti inshallah tunaoana, na mama hatakuwepo. Viza wamemnyima tena. Nikakaa nikawaza: mume wangu mtarajiwa ni mchoraji, tena kaajiriwa na mchoraji mkubwa wa Kichina, itakuwaje mama yangu akose kuja harusini? Mchore, Shomari. Mchore awe saizi ya mtu, nimweke chumbani kwetu. Siku ya harusi nikitoka nimuage kama mwali anavyomuaga mamaye.

Kisa cha picha hii nilikusimulia Dar nilipokuja likizo, na wewe ulikuwa unakula mihogo, sijui ulisikia kiasi gani. Narudia ili ujue umeshika nini.

Mwaka sabini na tatu mama alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo chenye walimu wa Kichina. Siku hiyo uzi wake ulikatika. Mwalimu wake akaja kumwonyesha namna ya kuuunga, akamshika mkono kumwongoza vidole. Mpiga picha wa kiwanda akapita, akapiga. Kesho yake ikabandikwa kwenye ubao wa getini, kubwa, chini imeandikwa UNDUGU WETU. Mama hakuulizwa. Baba alikuja kumchukua zamu ilipoisha, akawakuta wanaume wamesimama pale wanaitazama na kucheka. Hakuuliza neno. Talaka ilifika kabla wiki haijaisha, mimi nikiwa bado mgongoni. Nimekua naitwa Mchina bombani, na watu wazima wakinikagua macho. Macho yangu unayajua, ni ya mama mtupu, lakini nani alitaka kusikia?

Tangu siku ile mama hajakubali kamera, ukiacha ya kitambulisho cha kura. Picha hii aliing'oa ubaoni kwa mkono wake. Alinipa siku ninaondoka kuja huku, akaniambia isitundikwe. Mimi nahesabu kwamba chumbani si kutundika. Chumbani anaingia nani?

Kwa hiyo mchore yeye peke yake, mwalimu mwache nje. Usiipigie ile mistari yako ya miraba ya kukuzia, tazama kwa macho tu. Mtu mwingine asiione. Na mdomo uache umefumbwa kama ulivyo. Mama ana pengo la mbele tangu usichana, hajawahi kucheka mbele ya watu bila kuziba mdomo kwa mkono.

Ukimaliza nirudishie. Sijawahi kumpa mtu picha hii, hata kuishika.

Wako,
Ziada


Beijing
11 Machi 2007

Ziada wa moyo wangu,

Barua imefika na mama mkwe amefika. Nilinawa mikono kabla ya kumtoa, nikamwamkia. Usicheke. Nilisema shikamoo peke yangu chumbani, jirani akadhani nina mgeni.

Ulitaka kujua tunavyofanya kazi hapa. Bwana Shen mwenyewe hashiki brashi siku hizi. Anakaa kwenye kiti cha ngozi, anavuta sigara, anawaza. Kuna kijana wa mbingu na miale ya jua, kuna dada wa maandishi, kuna wawili wa chupa za soda na rangi za midomo. Maana picha zake ndivyo zilivyo: anachukua mabango ya zama zile za mapinduzi, ngumi juu, bendera, wafanyakazi wenye mashavu ya tufaha, halafu anawapachika bidhaa za dukani mikononi, na rangi zote kali kama pipi. Wazungu wanazigombania.

Mimi ni wa nyuso, yaani nyuso nyeusi. Mabango ya zamani ya urafiki na Afrika yalichorwa na watu ambao hawajawahi kumwona Mwafrika. Walichora Wachina, wakawapaka kahawia. Bwana Shen anasema siku hizi wanunuzi wanaligundua hilo na kucheka, ndiyo maana akaniajiri. Nikimaliza uso wangu, kijana wa mbingu anaingia nyuma yangu na miale yake. Hakuna picha hapa yenye mkono wa mtu mmoja.

Ila ya mama itakuwa yangu peke yangu, kuanzia kilemba mpaka ule mkono wa kulia wenye kidole cha mwisho kilichopinda. Bwana Shen aliiona picha kwa bahati mbaya nikiwa nimeiweka mezani, akauliza ni nani. Nikamwambia mama mkwe. Akaitazama sana, akasema huyu mama ana uso wa bango. Nikaichukua nikaificha. Sasa iko chini ya mto wangu, na siri yako nimeizika.

Msalimie Léontine, yule Mkongo mwenzako wa kazini, mwambie harusini nitakula sombe yake, kisamvu cha kwao, mpaka anifukuze.

Wako wa Agosti,
Shomari


Hässelby
27 Mei 2007

Shomari,

Umenyamaza mpaka nimeanza kuongea na stempu. Ukumbi nimepata, karibu na kazini. Léontine ameshaapa kwamba atapika yeye, na kwamba harusi ya Waswahili bila Mkongo ni mazishi. Wale wazee ninaowahudumia wanajua tarehe kunishinda. Mzee Torsten, yule wa chumba cha mwisho, ameomba kuja na beji yake nyekundu kifuani. Huyo ujanani alikuwa anauza magazeti ya wakomunisti barabarani, na nikimwambia mchumba wangu yuko Beijing ananipa heshima kana kwamba nimeshiriki mapinduzi mwenyewe.

Ukuta wa chumbani nimeupaka rangi. Nimeacha nafasi ya mama upande wa dirisha, apate mwanga.

Amefikia wapi? Umechora macho? Mimi nimesema nitakaa kimya nisikuharakishe, na unaona mwenyewe ninavyokaa kimya.

Ziada


Beijing
15 Julai 2007

Ziada wangu,

Nianze na baya ili tulimalize. Agosti siwezi. Usirarue karatasi, soma kwanza. Bwana Shen ana maonyesho makubwa vuli hii, na wanaochora nyuso hatuna ruhusa ya kutoka. Baadaye, mwanzoni mwa Septemba, ananipeleka kusini kusimamia utundikaji wa kazi zake. Huko simu hazishiki vizuri na barua hazitanifikia, kwa hiyo ukiona kimya usihesabu kwamba nimekufa. Tupeleke harusi mbele, Desemba, tuoane kwenye theluji. Mvumilivu hula mbivu.

Mama anaendelea vizuri. Macho yamekwisha. Nikikaa mbele yake napata aibu, kana kwamba ananiuliza kitu.

Wako,
Shomari


Hässelby
30 Septemba 2007

Shomari,

Natumaini umerudi salama kutoka huko kusini. Mimi nina habari za mjini, na nataka uzisome zote bila kuruka.

Mzee Torsten alisoma gazetini kwamba kuna maonyesho ya Kichina kwenye jumba moja la picha karibu na Slussen, mjini kati, mabango ya mapinduzi yaliyofanyiwa mzaha. Akasema asipopelekwa atagoma kula. Basi Jumamosi mimi na Léontine tukamvalisha koti, tukamkokota na kiti chake cha magurudumu kutoka kituo cha mwisho cha treni huku kwetu mpaka mjini. Njia nzima anatufundisha wimbo wa maandamano. Kijana mmoja wa Kiswidi akahama behewa. Léontine anacheka mpaka anashika mbavu.

Tukaingia. Kulikuwa na askari wamebeba mifuko ya dukani, na mkulima anapanda trekta la rangi ya waridi akiongea na simu ya mkononi. Mzee Torsten anapiga saluti kila picha, halafu ananinong'oneza, "Hawa wanatucheka, Ziada, lakini wanatucheka vizuri." Nilikuwa nafurahi, Shomari. Nilikuwa nawaza kwamba labda uso mmojawapo humu ni wa mkono wako, nikiuona nitaujua.

Léontine alitangulia chumba cha ndani. Nikamsikia: "Ziada, kuya! Kuya uone! Huyu mama iko kama weye kabisa, ata paji ya uso!"

Nikaenda nikicheka.

Mama yangu amefika dari. Nyuma yake jua linatoa miale ya njano na waridi. Amevaa bwelasuti ya buluu, na mkono wa kushoto ana chupa ya soda. Mkono wa kulia, ule wenye kidole cha mwisho kilichopinda, uko ndani ya kiganja cha yule mwalimu. Mwalimu hauangalii uzi. Uzi haupo, umeuondoa. Anamwangalia mama machoni, na katikati yao mmemwaga mawaridi.

Na mama anacheka. Mdomo wazi, meno yote nje, meupe, yamepangika, hata pengo hakuna. Umemwotesha mama yangu meno, Shomari.

Pembeni kuna kibao cha maelezo. Nilikisoma kwa Kiswidi nikadhani sijaelewa, nikasoma kwa Kiingereza. "Penzi la Kiwandani. Mfumaji wa Kiafrika na mwalimu wake wa Kichina walipendana kwa siri mbele ya mtambo. Mume alipogundua, alimwacha. Mchoraji alisimuliwa kisa hiki na mtu wa familia."

Mtu wa familia! Maneno yaleyale ya bombani, ambayo mama ameishi nayo tangu mimi nikiwa mgongoni, leo yamechapwa vizuri kwa lugha mbili na kupigiwa taa. Wale wa bombani angalau walikuwa wananong'ona.

Mzee Torsten alitaka kujua ninalilia nini. Nikamwambia ni mama yangu. Akaivua kofia, akaishika magotini. Hakupiga saluti tena picha yoyote iliyobaki.

Nikaenda kwa binti wa mapokezi kuuliza picha ile imekujaje. Binti mwema, akafurahi kuona mtu amevutiwa. Akaniambia uso ulikwaruzika safarini, na msaidizi wa mchoraji alikuja mwenyewe kuurekebisha. Mwafrika, akasema, mpole sana, alishinda hapa mwanzoni mwa Septemba na brashi ndogo. Alimwuliza kama treni za njia ya kijani zinafika Hässelby na safari inachukua muda gani. Binti alipomjibu, akarudi kwenye brashi yake.

Ndiko kusini kwenu huko, Shomari? Ulikuwa mjini kwangu. Ulikuwa unampaka mama yangu meno, na mimi niko kituo cha mwisho namngoja na ukuta wake nilioupaka.

Sikulaani, maana sijapata laana inayotosha. Nataka picha yangu. Nilikupa kitu ambacho sijawahi kumpa mtu, nikakuambia kisa ambacho mama alinipa peke yangu, nawe ukakiuza kwa mtu wa sigara. Mtu anayepewa siri na mwenziwe akaitoa nje ni mtu wa aina gani? Jibu hilo, kisha unirudishie mama yangu.

Ziada


Beijing
21 Oktoba 2007

Ziada,

Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika nikachana. Itakayokufikia ni ile niliyochoka kuichana.

Ni kweli nilikuja Stockholm. Nilipanda treni yako. Nilifika kituo kimoja kabla ya chako, nikashuka, nikavuka upande wa pili, nikarudi mjini. Kama ningekuona ningekuambia, na kama ningekuambia ungeenda kuiona. Nilijidanganya kwamba maonyesho yataisha hujajua. Wewe si mtu wa majumba ya picha. Sikumhesabu mzee wako.

Sikumwuzia Bwana Shen kitu. Aliniuliza. Alirudia habari ya ile picha kila siku, akisema uso anao lakini hana kisa, na picha isiyo na kisa ni rangi tu. Nikamweleza ukweli, Ziada, wallahi nilianza na ukweli: uzi ulikatika, mwalimu akamwonyesha. Akapiga miayo. Ndipo nikamweleza waliyosema watu. Akainuka kwenye kiti. Miezi yote niliyokaa hapa sikuwahi kumwona akiinuka. Penzi linatazamwa, akasema, nani atasimama kutazama mtu anaunga uzi? Na akaniambia uso wote nitauchora mimi, na jina langu litawekwa kwenye kitabu cha maonyesho chini ya lake. Hujui maana yake hiyo kwa mtu kama mimi. Tangu nifike hapa nimekuwa mkono tu.

Meno ni yangu, sikuagizwa. Nilipofika mdomoni nikaona huruma, mama wa watu miaka yote anaziba mdomo. Nikasema acha acheke mara moja. Nilimpa kwa mapenzi.

Na hebu tusikuze jambo. Stockholm nzima nani anamjua mama yako? Hakuna jina lake pale. Hata baba yako mzazi aliamini vile, sasa mimi nimeongeza nini?

Picha nakurudishia humu. Utaona mistari. Uso mkubwa kiasi kile haukuzwi kwa macho, lazima miraba. Nilitumia kalamu nyembamba kadiri nilivyoweza.

Kitabu cha maonyesho sikutumii, najua hutakitaka. Kimoja nimempelekea mama yangu huko Manzese tangu mwezi uliopita, naye apate cha kujivunia. Jina langu liko ukurasa wa picha yenyewe.

Desemba bado ipo kama unaitaka.

Shomari


Hässelby
2 Novemba 2007

Shomari,

Imefika. Nimeitazama mchana, mbele ya dirisha, mahali nilipomwekea nafasi.

Mstari mmoja umepita katikati ya jicho la kushoto. Mwingine umekata mdomo, ule ulioachwa umefumbwa. Umemkata mama yangu vipande kama kitambaa cha kushona, na kila kipande umekipa namba pembeni kwa mwandiko wako mzuri ule nilioupenda. Nimejaribu kufuta kwa ufutio na karatasi ikaanza kutoka. Nimeacha.

Unasema Stockholm nani anamjua. Halafu kwenye barua hiyohiyo unaniambia umepeleka kitabu Manzese, kwa mama yako, nyumba tatu kutoka kwa mama yangu, kwa watu walewale wa bombani. Hukuona hata ulichoandika. Hilo ndilo lililonimaliza, kuliko picha. Ulikuwa hukusudii ubaya. Hukuwa unamfikiria kabisa.

Mwandikie mama yako leo, mpigie simu, fanya ufanyavyo, kitabu kile kisitoke sandukuni. Hilo tu ndilo ninalokudai. Desemba mimi na wewe hatuna. Wala mwezi mwingine wowote.

Ziada


Hässelby
18 Novemba 2007

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuuma na dawa unameza, si unampa jirani.

Mimi ni mzima. Nakuandikia kukujulisha kwamba ile harusi haitakuwepo tena. Usishtuke, hakuna lililoharibika, ni mambo ya kazi tu, yeye yuko mbali nami niko mbali, tukaona kila mtu ashike njia yake kwa amani. Watu wakiuliza waambie hivyo.

Nilitaka kujua pia kama Mama Shomari amepita kwako karibuni, na kama alikuwa na kitu chochote mkononi, kitabu au nini. Akija nacho usijisumbue kukitazama. Ni mambo ya Wachina, rangi rangi tu, hayana maana.

Léontine anakusalimia, yule Mkongo ninayefanya naye kazi. Anasema siku akifika Dar utampikia wewe.

Na ile picha yako, mama, usiwe na wasiwasi nayo. Ninayo. Iko salama kama ulivyonipa.

Mwanao akupendaye,
Ziada


Manzese, Dar es Salaam
16 Desemba 2007

Kwa mwanangu Ziada,

Asalaam aleikum. Marahaba. Barua hii naandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ngumbaru, kwa hiyo ivumilie. Siku zote humpa mtu akaniandikia. Hii sikuwa na wa kumpa.

Mama Shomari alikuja kabla ya barua yako. Alikuja na kitabu amekifunika kanga kama anayeleta maandazi, na nyuma yake wanawake wa mtaa, maana alikuwa ameshawaonyesha njia nzima. Hakujua anachobeba, maskini. Yeye aliona jina la mwanawe. Akakifungua juu ya mkeka wangu, akasema, tazama Mama Ziada, mtoto wetu.

Wanawake wakatazama kitabu, kisha wakanitazama mimi. Wale vijana hawakuelewa. Wale wa rika langu walielewa upesi. Mwalimu Veneranda wa shule ya jirani ndiye aliyetusomea Kizungu na kutufasiria, na alipofika katikati sauti ikamwishia. Nikamwambia, maliza mwalimu. Akamaliza.

Nilicheka, Ziada. Nilicheka bila kuziba mdomo, pengo likaonekana, ili waone kwamba yule wa kitabuni si mimi. Hakuna aliyecheka nami. Wakaondoka mmojammoja, na Mama Shomari akakifunika kitabu chake upya. Hajapita tena. Bombani kumeanza kunyamaza nikifika, kama zamani.

Yule mwalimu wa Kichina alikuwa mtu wa haya. Siku ile nilikuwa nalia, kwa sababu nilikatisha uzi mara nyingi nikaogopa nitafukuzwa kazi. Alinishika mkono kwa sababu hakuwa na Kiswahili cha kunibembelezea. Hilo sikupata kumwambia mtu, hata wewe. Baba yako sikumweleza, maana mtu akishauamini ubao wa getini hausikii mdomo wa mkewe. Nilidhani nikinyamaza litakufa. Lilikuwa limekaribia kufa.

Huyo Shomari simlaumu. Watu wananiuliza mbona simlaani, nawaambia nitamlaani vipi mtu ambaye sikumpa kitu? Simjui moyo wake, sikumnyonyesha. Mimi siri yangu niliitoa mara moja tu, uwanja wa ndege, kwa mtu mmoja. Nikamwambia isitundikwe na isisimuliwe. Wewe ukaitikia ukisema naam mama, na ndege ikakubeba.

Nilipoona kitabu, nilikaa siku nyingi nikikutetea. Nikasema labda ameibiwa, Ulaya kuna wezi wa kila namna. Labda amepekuliwa. Nikasema mwanangu ataniandikia aniambie. Na kweli ukaniandikia. Ukaniambia mambo ya kazi. Ukaniambia kitabu ni rangi rangi. Ukaniambia picha iko salama.

Sina maneno mengi, na mkono umechoka. Nataka picha yangu. Usiitume kwa posta wala usimpe mtu. Panda ndege uilete mwenyewe mpaka hapa mkekani, uniwekee mkononi.

Ilete kama nilivyokupa.

Mama yako,
Amne